Kalenda ya Mama

Nimepewa kurasa hizi nieleze jinsi wazee wa kwetu Ukambani walivyokuwa wakihesabu miaka kabla ya kalenda za kutundika ukutani. Kichwa hiki nilipewa na mwalimu mlezi wa chama baada ya kusoma daftari langu la likizo. Akanionya kwamba anataka makala ya kueleza, si insha ya kubuni. Nitajitahidi. Lakini siwezi kuieleza kalenda hiyo bila kumtaja aliyenifunza, na huyo siwezi kumtaja kabla ya kukiri jambo moja ambalo baadhi yenu mlilishuhudia kwa macho yenu.

Ilikuwa siku ya wazazi, mwaka wa 2025. Uwanja ulikuwa umefurika, magari yameegeshwa hadi penye nguzo za voliboli. Wenzangu wengi walikuwa wamekwisha kutandika mashuka chini ya miti, wanakula kuku na vibanzi na kuteremsha kwa soda. Mama alifika saa saba na nusu. Alikuwa ametoka nyumbani kwetu, upande wa Kathonzweni kule Makueni, kabla jogoo hajawika. Akapanda bodaboda hadi barabarani, kisha matatu mbili. Alivaa leso mbili, moja kiunoni na moja mabegani, na raba nyeupe alizonunuliwa na dada yangu. Mgongoni alibeba kiondo, mkanda wake ukiwa umepita juu ya paji la uso, jinsi akina mama wa kwetu wanavyobeba. Ndani ya kiondo mlikuwa na ndoo ndogo ya muthokoi, ndizi mbivu, na ndengu kama kilo mbili hivi, kavu, hazijapikwa. Ndengu! Hebu niambieni, ni nani hupika ndengu bwenini?

Msichana mmoja wa darasa letu akapita, akasimama, akamsalimia kwa adabu. Halafu akanigeukia, "Huyu ndiye shosho wako?"

Mdomo ulijibu kabla moyo haujafikiri. Nikasema, "Eeh."

Sikio la kushoto la mama limepungua nguvu, na Kiswahili chake ni kile cha sokoni, kwa hivyo nilijipa moyo kwamba hakuelewa. Tulikaa hadi saa tisa na nusu tukiulizana yale yale ya siku zote. Umekula? Nimekula. Mvua imenyesha? Bado. Mbuzi hawajambo? Wapo. Saa ya kwenda ilipowadia, akajitwika kiondo kitupu, akanipa mkono, akasema, si kwa Kikamba anachonisemesha siku zote bali kwa Kiswahili, "Haya, shosho anarudi."

Hakusema kwa hasira. Alikuwa akitabasamu. Afadhali angenichapa kofi mbele ya shule nzima.

Msidhani kwamba simpendi mama. Tatizo letu ni la zamani kuliko siku hiyo. Mimi ni kitinda mimba. Dada yangu mkubwa alizaliwa mwaka wa 1982, wakafuata kaka watatu, kisha nyumba ikanyamaza kwa miaka mingi. Mara mimi nikatokea mwaka wa 2007, wakati mama alikuwa tayari akibeba wajukuu. Baba alifariki nikiwa na miaka mitano na dada akanichukua nikasomee Nairobi. Nimekulia Umoja, ghorofa ya nne, maji ya mfereji siku mbili kwa wiki, Kiswahili sanifu darasani na Sheng jioni. Kikamba nakisikia vizuri, lakini nikijaribu kukisema wazee hucheka na watoto wadogo hunisahihisha. Mama naye hajawahi kulala Nairobi zaidi ya siku tatu. Anasema kuishi kwa dada ni kama kuwekwa kwenye rafu ya duka.

Shule zilipofungwa kwa sababu ya Corona mwezi wa Machi mwaka wa 2020, nilipelekwa kwake, nikakaa hadi Januari iliyofuata. Miezi tisa na ushei! Ungedhani tungezoeana kama chanda na pete. Wapi! Kila jioni nilikuwa napanda kilimani kutafuta mtandao kwa simu ya kaka, na yeye akinisubiri mlangoni na taa ya sola. Nikirudi tunakula. Umeshiba? Nimeshiba. Basi, tunalala.

Na nilikuwa na malalamiko yangu, msinione mbaya peke yangu. Mama hatupi kitu. Ugali wa jana unakaangwa, ganda la ndizi ni la mbuzi. Chini ya kitanda chake hukaa gunia moja la mahindi, hata mwaka ambao ghala limejaa hadi mlangoni. Niliwahi kumwuliza, mbona halihamishwi lipelekwe ghalani pamoja na mengine? Akanijibu, "Hilo si la kula." Nikasema moyoni, ama kweli uzee unakuja na mambo. Isitoshe, hakuna siku nimewahi kutoka nyumbani nikirudi Nairobi au shuleni bila kufungiwa chakula. Nikikataa anakasirika kabisa, na kasirani ya mama ni kunyamaza.

Sasa nije kwenye kazi ya likizo. Mwishoni mwa mwaka huo wa 2025, mwalimu mlezi alitutaka kila mwanachama amhoji mzee mmoja kuhusu maisha yake, aandike kwa tarehe. Nilikwenda nyumbani na daftari jipya, nimepiga mistari kwa rula, mkono wa kushoto mwaka, mkono wa kulia tukio. Jioni ya kwanza nikaketi mbele ya mama kama karani.

"Mwaitu, ulizaliwa mwaka gani?" Mwaitu ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba.

"Angalia kitambulisho."

Kitambulisho kinasema 1958. Nikaandika.

"Ulianza shule mwaka gani?"

"Sijui."

"Uliolewa mwaka gani?"

"Aii, mwaitu, kwani unaniandikia kesi?"

(Nisije nikawachanganya: yeye pia huniita mwaitu. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, na binti wa pili la mama yake mama. Mimi ni binti wa pili, kwa hiyo nimebeba jina la nyanya yangu mzaa mama, na mama huniita mama yake.)

Baada ya maswali sita nilikuwa na mwaka mmoja tu kwenye daftari, tena ulionakiliwa kutoka kwa kadi. Nikalifunga. Nilikuwa nimeshaamua kwenda kumhoji mzee wa kanisa.

Wiki hiyo mvua za vuli zilikuwa zimenyesha na tulikuwa tukipalilia. Shamba letu limelala kwenye mteremko, na limekatwa matuta kuanzia juu hadi chini kama ngazi. Saa nne jua lilipokuwa kali tukaketi juu ya tuta moja kunywa uji. Nikauliza tu, bila daftari, bila nia yoyote, "Nani alichimba haya yote?"

"Haya ya huku tulichimba na mwethya kabla ya ngwete. Yale ya kule chini ni baada ya ngwete."

"Ngwete ni nani?"

Mama akanitazama kama mtu anayeulizwa Yesu ni nani. Kisha akaanza kueleza, na uji ukapoa.

Mwethya ni kikundi cha kusaidiana kazi. Leo tunalima kwako, kesho kwangu. Wanaume wengi walikuwa wameenda kutafuta kazi Nairobi na Mombasa, kwa hivyo mwethya wa wakati wa mama ulikuwa wa wanawake hasa. Walichimba mtaro kuukinga mteremko, kina chake kama futi mbili, na udongo wakautupa upande wa juu, si wa chini. Ndiyo maana mtindo huo unaitwa "fanya juu", kwa Kiswahili hiki hiki chetu, na wataalamu wa kilimo wanautumia jina hilo hilo hata wakiandika kwa Kiingereza. Mvua ikinyesha maji hayakimbii na udongo, yananaswa na tuta, na kadiri miaka inavyopita kipande kilicho kati ya matuta mawili kinajilaza kikawa tambarare. Kutupa udongo juu ni kazi ngumu kuliko kuutupa chini, hilo hata asiyesoma fizikia atakubali. Mama alifanya hivyo akiwa na mtoto mgongoni.

Na ngwete? Hapo ndipo kalenda yenyewe ilipo.

Kwa Kikamba njaa kuu, ile inayoletwa na ukame, huitwa yua. Ukambani mvua hukosekana mara kwa mara, na kila yua iliyowahi kuuma sana ilipewa jina. Jina hilo hutokana na kitu ambacho kila mtu alikiona au alikisema wakati huo. Basi watu wakihesabu umri, ndoa, kifo cha baba, kuhamia shamba jipya, hawasemi mwaka fulani. Husema kabla ya yua fulani, au mvua ya pili baada ya yua fulani. Na kwa kuwa kwetu kuna misimu miwili ya mvua kwa mwaka, mtu mwenye akili timamu anaweza kukupa tarehe ambayo haikosei kwa zaidi ya miezi michache.

Iliyo kongwe ambayo mama aliitaja, aliyosimuliwa na nyanya yake, ni Ngomanisye. Hiyo ilitokea mwishoni mwa miaka ya 1890, wakati reli ya kutoka Mombasa ilikuwa ikijengwa. Jina lake lina maana ya njaa iliyoenea kila mahali, haikuchagua mlima wala bonde. Ng'ombe walikuwa wamekwisha kufa kwa sotoka, na ndui ikaja juu ya njaa. Vitabu vya historia vinaitaja pia, lakini mimi nilikuwa nimeisoma kama sentensi moja ya kukariri kwa ajili ya mtihani.

Inayofuata katika maisha yake yeye mwenyewe ni Yua ya Ndeke, njaa ya ndege. Ndeke ni ndege, eropleni. Mwaka wa 1961 ukame ulikuwa umekausha kila kitu, kisha mwishoni mwa mwaka mvua ikaja kwa hasira, mafuriko yakakata barabara na madaraja. Chakula cha msaada hakingefika kwa lori, kikatupwa kutoka angani kwa ndege. Nyanya alikuwa mjamzito. Alimwambia mama kwamba alikimbia kujificha aliposikia mngurumo, akadhani ni vita, na baadaye akaja kuokota mahindi yaliyomwagika kwenye matope, punje moja moja, tumbo likimzuia kuinama. Mama alizaliwa mito ikiwa bado imejaa.

Nilisimamisha jembe. "Kumbe ulizaliwa mapema 1962?"

"Mimi nakwambia mito ilikuwa imejaa. Hiyo hesabu yako ni yako."

"Na 1958 ilitoka wapi?"

Akacheka. Siku ya kuchukua kitambulisho karani alimwuliza mwaka, naye akamtajia ndege. Karani hakuwa mtu wa huko. Akamtazama uso, akaandika aliloona.

Basi nikapiga hesabu pale pale juu ya tuta. Siku zote nilikuwa nikijiambia mama ana miaka 67. Nilikuwa na mazoea mabaya ya kuhesabu usiku bwenini: nikimaliza Kidato cha Nne atakuwa na kadhaa, nikimaliza chuo kadhaa, nikipata kazi ya kumjengea nyumba ya mawe kadhaa. Sasa ikawa ana miaka 63. Nikarudishiwa miaka minne ya mama bila kulipa chochote.

Lakini jambo lililonichoma zaidi ni jina lake. Wengi wenu mnajua kwamba majina ya kwetu husema wakati. Wambua ni mtoto wa mvua. Mutuku na Nduku wamezaliwa usiku. Wayua ni wa yua, mtoto wa njaa. Ukambani kina Wayua ni wengi, na mama ni mmoja wao. Nimeandika jina hilo kwenye fomu za shule tangu nijue kuandika, kwenye mstari wa "jina la mzazi", na hakuna siku nililisikia linasema nini. Tarehe ya kuzaliwa kwa mama ilikuwa mbele yangu muda huo wote, nami nilikuwa nikiitafuta kwenye kadi.

Tusidhani jambo hili ni la Wakamba tu. Waluo wanamjua Okoth na Akoth wa mvua, Otieno na Atieno wa usiku. Wakalenjin wana marika yao yanayozunguka, Maina, Chumo, Sawe na mengine, na duara likikamilika baada ya zaidi ya miaka mia moja jina la kwanza hurudi; ukimwambia mzee rika la babako anajua takriban ulizaliwa lini. Hata Waswahili wenyewe, ambao lugha yao ndiyo iliyotukutanisha katika chama hiki, walikuwa na mwaka wa kilimo na wa bahari ulioanza siku ya Nairuzi, wakahesabu siku zake kwa makumi, wakayaita miongo. Mabaharia na wakulima walijua mwongo wa ngapi upepo hugeuka na mwongo wa ngapi hupandwa nini. Kule Makunduchi, Unguja, bado wanausherehekea mwaka huo kila Julai kwa Mwaka Kogwa. Kwa hivyo mwenye kudhani kwamba mzee asiyejua "mwaka gani" hajui kuhesabu, na adhani mara ya pili.

Nirudi kwa mama. Shule alianza "Mzee aliposema watoto wasome bure". Hilo lilikuwa rahisi kulitafuta. Siku ya Jamhuri mwaka wa 1973 Rais Kenyatta alitangaza kufutwa kwa karo kutoka darasa la kwanza hadi la nne, na Januari 1974 watoto wakamiminika. Mama alikuwa na miaka 12. Aliketi darasa la kwanza na watoto wa miaka sita na saba, magoti yake yakigonga dawati. Lakini karo ilipotoka mlangoni, pesa za kujenga madarasa ziliingia dirishani, na mahali pengi pesa hizo zikawa nyingi kuliko karo iliyofutwa. Babu alikuwa na za mtoto mmoja. Mdogo wake mama, mvulana, akabaki. Mama akatoka akiwa darasa la tatu. Anasoma Biblia ya Kikamba kwa kufuata mstari na kidole. Nilipomwambia kwamba mimi nilisoma shule ya msingi ya serikali bila karo, kwa mpango ulioanza mwaka wa 2003, alisema tu, "Najua. Nilikuwa nikikuangalia." Sikujua alikuwa akiangalia nini. Nilidhani anaangalia sare kama ni safi.

Dada alizaliwa wiki ya mapinduzi. Hiyo ni Agosti 1982, lile jaribio la tarehe 1. Redio ya jirani ilikuwa ikisema mambo yasiyoeleweka, baba alikuwa Nairobi bawabu wa kiwanda, na kwa siku nyingi mama hakujua kama mtoto aliyemzaa ana baba au hana.

Na sasa ngwete. Jina kamili ni Nikw'a Ngwete, yaani "nafa huku nimeshika". Umeshika nini? Pesa. Mwaka wa 1984 mvua ndefu hazikuja. Njaa hiyo ilikuwa tofauti na zile za zamani kwa sababu watu wengi walikuwa na mishahara, ya kwao au ya waume zao mjini. Pesa zilikuwepo, chakula cha kununua ndicho hakikuwepo. Baba alituma noti kwa mkono wa mtu aliyekuwa akisafiri. Mama akazifunga kwenye pindo la leso, akambeba dada mgongoni, akatembea hadi sokoni. Maduka yalikuwa wazi, wenye maduka wameketi ndani, rafu zina sabuni, mafuta ya kujipaka na viberiti. Akarudi na pesa zile zile kwenye fundo lile lile. Kesho yake akaenda soko la mbali zaidi. Siku ya tatu akaambiwa lori linaleta mahindi ya manjano, yaliyotoka ng'ambo, watu wapange foleni. Alipanga foleni tangu alfajiri hadi jua likatua, na dada, ambaye alikuwa na miaka miwili, aliacha kulia mchana. "Mtoto akilia ni sawa," mama aliniambia. "Akinyamaza ndiyo unaanza kumtingisha."

Mahindi aliyapata, mikebe miwili. Fundo lile la leso analo hadi leo. Si noti, ni kile kipande cha kitambaa. Amekitia ndani ya gunia lililo chini ya kitanda.

Sikuwa na la kusema. Nilikuwa nimebeba kikombe cha uji kilichopoa, nikakinywa chote, hata ukoko wa chini. Yeye akachukua jembe.

Baada ya siku hiyo daftari lilijaa, ingawa si kwa kuulizwa. Nimegundua kwamba mama akitazamwa usoni hunyamaza. Mikono yake ikiwa na kazi, maneno hujitokea yenyewe. Jioni alikuwa akisokota uzi wa vyondo, nami nikajifunza ili niwe na sababu ya kuketi pale. Jani la mkonge hukwanguliwa mpaka zibaki nyuzi, zikaoshwa, zikaanikwa. Unachukua nyuzi chache, unaziviringisha juu ya paja kwa kiganja, sehemu mbili kwa pamoja, kisha unazirudisha zijisokote zenyewe. Paja langu liliwaka moto siku tatu. Zamani walitumia nyuzi za gome la mbuyu, ambazo mama anasema ni laini kuliko za mkonge, lakini siku hizi wengi hununua nyuzi za rangi dukani. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017, watu wa mjini nao wamekumbuka vyondo, na mama ana wateja ambao hajawahi kuwaona, dada huwapelekea. Kiondo huanzwa katikati ya kitako, nyuzi zimepishana, kisha unazunguka na kuongeza uzi kila kinapopanuka. Ukikosea pale katikati kosa lako linakufuata hadi mdomoni. Cha kwangu kimepinda.

Usiku mmoja, nikiwa nimeinamia paja langu, nikasema kwa Kikamba changu kibovu kwamba siku ile shuleni nilisema uongo. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, lakini kwa Kikamba sina maneno mengi.

Mama hakuacha kusokota. Akasema, "Darasa la kwanza wale watoto wadogo walikuwa wakiniita mama. Nilikuwa na miaka 12. Sasa mimi ni mama, naitwa shosho. Watu hawajui kuhesabu."

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaniuliza kama nimekula, na tulikuwa tumekula pamoja nusu saa iliyopita. Sijui kama hiyo ndiyo namna ya kusamehe au alikuwa amechoka na habari hiyo. Nilisema sijashiba. Akainuka, akanipakulia muthokoi mwingine, nikaula wote huku akinitazama.

Yule aliyeniuliza swali siku ya wazazi anajijua, na yuko darasani kwetu hadi sasa. Jibu langu lilikuwa la uongo. Yule si shosho. Ni mama yangu, ana miaka michache tu kuliko nilivyodhani hata mimi, na jina lake ni tarehe.

Siku ya wazazi ya muhula huu imekaribia. Jumapili iliyopita nilipewa ruhusa ya kupiga simu, nikampata kupitia kwa kaka. Mawasiliano yalikuwa mabaya na sikio lake ni lile lile, kwa hivyo alikuwa akipaza sauti kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Aliuliza kama mvua imenyesha huku kwetu, kama nimekula, na kama shuleni kuna njaa. Nikamwambia hakuna njaa, tunakula vizuri, asijisumbue kubeba kitu. Akanyamaza kidogo. Halafu akasema ataleta ndengu hata hivyo.